Kipepeo na Ngome

Robert Baden-Powell, muasisi wa skauti ambaye kaburi lake liko Nyeri, aliwahi kueleza namna ya kuiba ramani ya ngome ya adui ukiwa na penseli na wavu wa kunasia vipepeo. Katika kitabu chake cha mwaka 1915, My Adventures as a Spy, anasimulia alivyokuwa akizurura milima ya Dalmatia amebeba daftari la kuchorea, kisanduku cha rangi na wavu. Akikutana na askari, anafunua daftari, anamwonyesha mchoro wa kipepeo ambao haujakamilika, kisha anauliza kwa upole kama kipepeo wa namna hiyo amewahi kuonekana pande hizo. Askari anacheka moyoni, anamwona ni mzungu mmoja asiye na kazi, anamwacha apite. Kumbe mistari ya bawa ndiyo kuta za ngome. Madoa yaliyo katikati ya mistari hayana maana yoyote, yamewekwa kupumbaza macho. Yaliyo juu ya mistari yenyewe yanaonyesha mizinga ilipo na ukubwa wake.

Mzee huyo alipenda kutia hadithi zake chumvi, na mimi siapi kwamba kila kitu kilitokea alivyosema. Lakini michoro imo kitabuni, unaweza kuitazama: kipepeo upande mmoja, ngome upande wa pili. Ni michoro mizuri, tena sana.

Naikumbuka hadithi hiyo kila Jumamosi. Tuko watu wanne au watano, siku nyingine watatu, ambao hobi yetu ni kuchora. Tunakutana mjini Nairobi, tunachagua pahali, tunakaa chini na kuchora tunachokiona: maduka ya River Road, mabenchi ya Jeevanjee, mkokoteni uliobeba viazi, fundi wa viatu na mwavuli wake. Mmoja anatumia penseli peke yake. Wengine tunatumia kalamu za wino, zile za nibu, ambazo vijana wa siku hizi wakiziona huuliza kama ni za kutilia sahihi ikulu. Hakuna anayetulipa. Hakuna anayeuza. Na hakuna pahali tulipowahi kuketi kwa saa nzima bila mtu kuja na swali lile lile: unachora nini hapa, na umetumwa na nani?

Bawabu huuliza, mwenye duka huuliza, na mama wa mboga huuliza akiwa tayari ameshafunika mboga zake. Wenzangu wengine husema ni ushamba, kwamba watu wetu hawajazoea sanaa. Mimi sikubaliani nao. Swali hilo lina historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo imo ndani ya vifaa tunavyoshika mkononi.

Tuanze na penseli, maana ndiyo kila mtoto huanza nayo. Grafaiti safi iliyowafanya Wazungu waanze kutengeneza penseli ilichimbwa Borrowdale, kaskazini mwa Uingereza, tangu karne ya 16. Wachungaji wa huko waliitumia kuwekea kondoo wao alama. Baadaye ikajulikana kuwa jiwe hilo jeusi linafaa kupakwa ndani ya kalibu za kutengenezea risasi za mizinga, na hapo mambo yakabadilika. Mgodi ukawekewa walinzi wenye silaha, na mwaka 1752 Bunge likapitisha sheria ya kuwaadhibu vikali walioiba grafaiti. Kwa hivyo kitu ambacho leo tunampa mtoto wa gredi ya kwanza achoree nyumba, jua na mama mwenye mikono ya vijiti, kilikuwa bidhaa ya vita kabla ya kuwa cha shule.

Vita ndivyo vilivyotupa hata penseli tunayoijua sasa. Mwaka 1793 Ufaransa na Uingereza ziliingia vitani, na grafaiti ya Borrowdale ikaacha kuwafikia Wafaransa. Jeshi bila penseli ni jeshi lisiloweza kuchora ramani wala kuandika amri likiwa juu ya farasi. Lazare Carnot, aliyekuwa akisimamia mambo ya vita, akamwendea Nicolas-Jacques Conté, mtu wa ajabu kidogo: mchoraji wa picha za sura za watu aliyegeuka kuwa mhandisi, na ambaye alipoteza jicho katika majaribio ya gesi ya maputo ya jeshi. Conté alisaga grafaiti hafifu ikawa unga, akaichanganya na udongo wa mfinyanzi, akaifinyanga vijiti vyembamba na kuvichoma katika tanuri kama mtu achomaye vyungu. Hataza yake ni ya mwaka 1795. Ukizidisha udongo, penseli inakuwa ngumu na mstari wake mwepesi. Ukipunguza, inakuwa laini na nyeusi. Zile herufi za HB na 4B ambazo mwuzaji wa vifaa vya shule hukuuliza unataka ipi, chanzo chake ni hesabu hiyo ya udongo na unga. Miaka 3 baadaye Conté alikuwa Misri pamoja na jeshi la Napoleon.

Uingereza nako mchoraji na askari walikuwa wakilala hema moja. Baada ya uasi wa Waskoti wa 1745 kuzimwa kwa damu, jeshi lilitaka ramani ya nyanda za juu za Uskoti ili lisipotee tena katika mabonde yale. Kazi ilianza 1747, na kati ya walioajiriwa kuchora alikuwamo kijana aitwaye Paul Sandby. Kazini alichora milima kwa ajili ya jeshi. Nje ya kazi alichora wapita njia wa Edinburgh, miti, mbwa, wauzaji, chochote kilichomvutia. Leo vitabu vya sanaa humwita baba wa rangi za maji za Kiingereza. Mwaka 1768 alifanywa mwalimu mkuu wa kuchora katika chuo cha kijeshi cha Woolwich, ambako vijana wa mizinga na uhandisi walifundishwa kutazama kilima, mto na daraja na kuvitia karatasini kwa haraka. Kwa karibu miaka 30 alifundisha hapo. Ofisa asiyeweza kuchora alikuwa kama ofisa asiyeweza kupanda farasi.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu watu hudhani kuchora nje, barabarani au porini, ni mchezo wa wapole ambao majeshi yaliukuta na kuutumia. Mara nyingi mambo yalikwenda kinyume chake. Watu walifundishwa kuchora ili wapime, kisha mikono yao ikakataa kuacha hata saa za kupumzika.

Tazama James Augustus Grant, ofisa wa jeshi la Uingereza la India. Mwaka 1860 aliondoka Zanzibar pamoja na John Hanning Speke kutafuta chanzo cha Mto Nile. Mkono wake wa kulia ulikuwa umejeruhiwa vitani Lucknow, na bado alichora. Walipofika Karagwe, kaskazini magharibi mwa Tanzania ya leo, mguu wake ukashikwa na kidonda kibaya hata hakuweza kutembea. Speke akaenda mbele Buganda. Grant akabaki kwa Mfalme Rumanyika miezi kadhaa, akikusanya mimea na kuchora. Nadhani hiyo miezi ya mguu mbovu ndiyo iliyomfanya mchoraji. Kitabu cha Speke kilipotoka 1863, picha nyingi zilichongwa kutoka kwenye michoro ya Grant. Cha kuchekesha, au cha kusikitisha, ni kwamba Speke alipofika mahali Nile inapotoka ziwani mwezi wa Julai 1862, hakuwa na mchoraji wake. Alikuwa amemtuma njia nyingine.

Je, Grant alikuwa mtu wa hobi au mpelelezi? Alikuwa yote mawili, na yeye mwenyewe nadhani asingeona tofauti. Anayechora jani kwa mapenzi na anayechora kivuko kwa ajili ya watakaokuja nyuma walikuwa mtu mmoja, mwenye penseli moja.

Miaka 30 baada ya Grant ndipo penseli hizo zilipofika kwetu kwa shughuli maalumu. Desemba 1891 Kapteni J. R. L. Macdonald wa Royal Engineers, kikosi ambacho maofisa wake walipitia Woolwich, aliondoka Mombasa na wapimaji wake kutafuta njia ya reli hadi Ziwa Victoria. Waliangalia mabonde, wakahesabu miinuko, wakachora. Kitabu alichokiandika baadaye, mwaka 1897, alikiita Soldiering and Surveying in British East Africa. Uaskari na upimaji, ameziweka kazi hizo mbili juu ya jalada bila hata kuona haya. Reli ilianza kujengwa 1896. Mwaka 1902 ikaja sheria ya ardhi za mfalme, na ya 1915 ikaongeza muda wa kukodi mashamba ya walowezi hadi miaka 999. Kabla ya kila hati ya shamba kulikuwa na mtu aliyeketi juu ya kilima, akitazama, akichora.

Kwa hivyo mama wa mboga akifunika mboga zake, mimi namwelewa. Hata baada ya uhuru mambo hayakuisha. Kuna kibanda gani Nairobi kilichovunjwa bila mtu kupita kwanza wiki iliyotangulia akiwa na karatasi, akitazama juu na chini, akiandika vitu asivyomwonyesha mtu? Alama nyekundu ya X ukutani huja baadaye. Karatasi hutangulia.

Kalamu ya wino ina hadithi yake, nayo si safi zaidi. Wazo la kalamu yenye wino tumboni ni la zamani kuliko watu wanavyofikiri. Qadi al-Nu'man, mwanachuoni wa makhalifa wa Fatimiyya katika karne ya 10, anasimulia kwamba khalifa al-Mu'izz alitaka kalamu ibebe wino wake yenyewe, isichafue mikono wala kuvuja hata ukiipindua, na mafundi wakamtengenezea. Kalamu ya aina hiyo kwa watu wa kawaida ilisubiri hadi 1884, wakati Lewis Waterman, mwuza bima wa New York, alipopata hataza yake. Siri yake iko chini ya nibu, kwenye kile kipande ninachokiita ulimi: kina vijifereji vyembamba vinavyoteremsha wino huku vikiruhusu hewa ipande kujaza nafasi iliyoachwa. Bila hewa kupanda, wino haushuki. Hewa ikipanda kwa fujo, wino unamwagika kwenye mkataba wa mteja. Kuna hadithi maarufu kwamba ndivyo ilivyompata Waterman mwenyewe akapoteza biashara, lakini ni hadithi tu ya kuuzia kalamu.

Huku kwetu kalamu hiyo ilikaa ofisini. Kipande, kile cheti ambacho kila mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuvaa shingoni baada ya Vita vya Kwanza, kilijazwa kwa kalamu: jina, kabila, tajiri wako ni nani, ulianza kazi lini, uliachishwa lini. Mstari mmoja wa wino wa tajiri ulitosha kukunyima kazi mahali pengine. Penseli inafutika. Wino haufutiki, na ndiyo maana serikali ziliupenda. Wino wa rejista za Ulaya kwa karne nyingi ulitengenezwa kwa vinundu vya mti wa mwaloni, chumvi ya chuma na gundi ya mgunga. Ukiandika unatoka hafifu, kisha ukikaa na hewa unakuwa mweusi na kuuma karatasi. Wakati mwingine unaiuma kabisa, karatasi inatoboka pale penye herufi.

Pwani, ni haki kusema, kalamu ilikuwa na maisha mengine kabla ya haya. Mafundi wa Siyu na miji jirani ya visiwa vya Lamu walinakili misahafu kwa kalamu za mwanzi, wakapamba kurasa kwa mafundo na maua ya rangi nyeusi, nyekundu na manjano. Wala hawakuita hobi. Lakini ukitazama pambizo za misahafu ile unaona mkono uliokuwa unafurahi, mkono ambao ungeweza kuacha mapema na haukuacha. Nikiulizwa babu zangu wa hobi hii ni kina nani, nitawataja hao kabla ya Sandby.

Baba yangu alikuwa karani. Alikuwa na kalamu ya Hero kutoka China na chupa ya wino wa Quink, na sisi watoto hatukuruhusiwa kugusa hata kifuniko. Biro ilikuwa imeshafika zamani. László Bíró alipata hataza yake 1938, na baada ya vita vya pili biro za bei nafuu zikaenea kila mahali. Baba alikuwa na biro pia, ya kuandikia orodha ya dukani. Hero ilikuwa ya kuweka sahihi. Alipostaafu alinipa, ikiwa imekauka wino ndani. Nililoweka nibu usiku kucha kwenye maji ya vuguvugu, maji yakageuka samawati, na asubuhi iliandika.

Hapo ndipo ninapoona jambo ambalo waliobuni kalamu hii hawakulipanga. Ofisi zilipoitupa kalamu ya wino kwa sababu ya biro, kisha kompyuta, kalamu ilibaki haina kazi. Chombo kisicho na kazi ndicho kinachoweza kuwa cha kuchezea. Haihitaji kukandamizwa kama biro, inateleza. Ukiigeuza nibu juu chini inatoa mstari mwembamba kama unywele. Wajapani wana nibu iliyopindwa ncha, iliyobuniwa kuiga brashi ya kuandikia, na wachoraji wameishika kwa mikono miwili: ukiilaza unapaka kivuli cha paa zima, ukiisimamisha unachora waya wa stima. Wajerumani walitoa Lamy Safari mwaka 1980 kwa ajili ya watoto wa shule, yenye plastiki ngumu na mahali pa kuweka vidole. Leo nenda popote duniani walipo watu wa kuchora barabarani, utaiona mikononi mwa wazee wenye mvi.

Tatizo lilikuwa wino. Wino wa kawaida wa kalamu ukipitisha rangi za maji juu yake unayeyuka, fundi wa viatu anageuka wingu. Wino mweusi wa wachoraji wa zamani, ule wa masizi uliochanganywa na shellac, haufutiki kwa maji, lakini ukiutia kwenye kalamu ya wino unakauka ndani ya vile vijifereji vya Waterman na kalamu imekufa. Kampuni kama Platinum na Sailor za Japani zilitatua jambo hili kwa kusaga kaboni ikawa chembe ndogo mno zinazopita kwenye ulimi bila kukwama. Bei yake Nairobi hainichekeshi. Lakini ukikauka, umekauka. Mimina chai juu yake ukitaka.

Sijasema bado ni lini kuchora kulianza kuwa haki ya mtu wa kawaida. Kwa Waingereza jina kubwa ni John Ruskin. Kuanzia 1854 alifundisha bure jioni katika chuo cha wafanyakazi London, maseremala na makarani wakiwa wanafunzi, na 1857 akatoa The Elements of Drawing. Zoezi la kwanza la kitabu hicho si yai wala sanamu ya Kigiriki. Anakuambia uchore mraba mdogo, uchukue kalamu ya chuma yenye ncha nyembamba, na uujaze mistari inayopishana mpaka uwe kivuli sawasawa, bila doa. Basi. Nimelijaribu, linachosha kuliko kupalilia. Ruskin alishikilia kwamba nia yake si kumgeuza seremala awe msanii, bali awe seremala mwenye furaha zaidi. Wengine wamemwona ana dharau kwa hilo, kana kwamba anamwambia fundi abaki mahali pake. Mimi naona amesema jambo ambalo shule zetu hazijawahi kulisema. Sisi tulifundishwa sanaa na ufundi ili tufanye mtihani, na mtihani ulipoondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika shule nyingi somo nalo likaenda. Mwalimu wangu mmoja alitumia kipindi hicho kumalizia hesabu. Tukiwa tunachora nyuma ya daftari tulichapwa.

Kizazi cha sasa kina Gabriel Campanario, aliyewahi kuwa mwandishi wa gazeti la Seattle, Marekani, mzaliwa wa Uhispania. Mwaka 2007 alifungua mahali mtandaoni pa kukusanya michoro ya watu wanaochora miji yao, na hapo pakazaliwa Urban Sketchers. Kanuni zao ni chache, na ya kwanza ndiyo inayonihusu: chora ukiwa hapo hapo, ukitazama kwa macho yako, si kwa picha ya simu. Ukisoma kanuni hiyo ukiwa Seattle ni ushauri mzuri wa kisanii. Ukiisoma ukiwa River Road unaanza kufikiria utamwambia nini bawabu. Macdonald naye alichora akiwa hapo hapo, akitazama kwa macho yake.

Tofauti, kama ipo, nadhani iko kwenye ukurasa: nani ataruhusiwa kuutazama. Mchoro wa mpimaji ulikunjwa ukaenda London. Sisi tumezoea kugeuza daftari mara tu mtu anaposimama nyuma yetu, kabla hajauliza. Fundi wa viatu aliona mchoro wake akacheka mpaka akaangusha nyundo, kisha akalalamika kwamba nimemnyima kofia. Nikamwekea.

Mwaka jana nilitaka kuona mwisho wa Baden-Powell, basi nikaenda Nyeri. Alihamia huko 1938, akiwa mzee na mgonjwa wa moyo, katika nyumba ndogo aliyoiita Paxtu kwenye uwanja wa hoteli ya Outspan. Yule mjasusi wa vipepeo akamalizia maisha yake akichora ndege na wanyama. Birds and Beasts in Africa ilitoka mwaka huo huo wa 1938, More Sketches of Kenya mwaka 1940, naye akafa Januari 1941. Michoro ile haina ngome ndani yake, nimeangalia. Simlaumu mzee kwa kuchora ndege. Lakini ile amani ya kuketi verandani kuutazama Mlima Kenya ilikuwa imeshapimwa, ikachorwa na kutiliwa sahihi na watu wengine waliomtangulia.

Kutoka kaburini nilipanda matatu hadi kijiji kimoja upande wa msitu wa Aberdare, kwa sababu nilitaka kuchora mutarakwa, ule mwerezi wetu ambao Wamaasai huuita ol-tarakwai. Mti huu una uhusiano na mambo haya yote. Mwanzoni mwa karne ya 20 mierezi ya Marekani iliyokuwa ikitengenezewa penseli ilikuwa imekatwa karibu kwisha, hata makampuni yakawa yananunua ua na mabanda makuukuu ya wakulima ili wapate mbao. Wakaanza kutafuta kwingine, na huku Afrika Mashariki wakaupata huu. Wajerumani walijenga njia ya nyaya kule Shume, Usambara, kuteremshia magogo hadi kwenye reli. Kenya nayo ikapeleka ng'ambo vibao vya penseli. Kwa Kiingereza bado unaitwa mwerezi wa penseli. Siku hizi kukata miti ya kiasili kwenye misitu ya serikali kumekatazwa, lakini nguzo za mutarakwa zilizosimikwa zamani bado zimesimama mashambani, maana mchwa hawauwezi.

Niliuona mmoja, mkubwa, umesimama kando ya shamba la majani chai. Nikakaa juu ya jiwe upande wa pili wa barabara. Nilikuwa nimemaliza shina na ninaanza matawi niliposikia mtu akikohoa.

"Wewe ni sarveya?"

Alikuwa cucu mmoja, ana kitambaa kichwani na panga mkononi, panga la kukatia nyasi za ng'ombe, naamini.

"Hapana, cucu. Mimi nachora tu."

"Mtu hachori tu."

Nikamgeuzia daftari. Akaangalia muda mrefu, akaangalia mti, akaangalia tena daftari. Akaniambia alikuwa msichana mdogo wakati wa Emajensi, wakati walipotolewa kwenye nyumba zao na kuwekwa kijijini, na baba yake yuko kizuizini. Watu wa kupima walikuja wakati huo. Waliunganisha vipande vya mashamba, wakachora mipaka mipya, na wale ambao hawakuwapo hawakuwa na wa kuwasemea. Baba yake aliporudi aliambiwa shamba lake ni lile pale chini, kwenye mawe. Hakulia wala kusimulia sana. Alinionyesha tu kwa panga: kutoka kule, hadi kule.

Kisha akarudi kwenye mchoro. "Umechora mti. Mpaka uko wapi?"

"Sikuchora mpaka, cucu. Nilipenda mti."

"Chora na mpaka. Unapita pale, nyuma ya mti. Kuna jiwe. Huwezi kuliona ukiwa hapo, njoo."

Nikainuka, nikamfuata. Jiwe lilikuwapo, limezama kwenye nyasi, na lina ukungu wa kijani upande mmoja. Akasimama karibu yangu huku nikichora jiwe, kisha nguzo tatu za ua zinazoelekea mtoni, akinihesabia nguzo ili nisiruke hata moja. Aliponiuliza kama inafutika nilimwambia haifutiki, hata kwa maji. Akaniambia nikate huo ukurasa nimpe, na niandike tarehe chini.

"Siku moja watakuja wale wa kweli," akasema, akaukunja mara mbili na kuuweka kifuani.